Laini ya Baba Mkwe

Tabita alikamatwa Jumamosi saa nne asubuhi, kitenge mkononi, akimpimia bamayo mmoja, mama wa Kizambia kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa amekwisha kukubali bei. Askari wawili walimwita kwa jina lake kamili, la kwanza, la pili na la ukoo, kama linavyoandikwa kwenye kadi ya kupigia kura. Soko zima la mpakani Tunduma likageuza shingo. Yule bamayo akairudisha hela yake kwenye kifua, akaondoka bila kuaga.

Sasa ilikuwa saa saba na nusu, na Tabita alikuwa kwenye benchi la mbao kituoni, ameegemea ukuta uliopakwa rangi mpaka nusu. Mbele yake kulikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa Sajenti Luhaga, Msukuma mrefu mwenye sauti ya taratibu. Sauti ya namna hiyo humtisha mtu kuliko ya kufoka, maana huoni pa kuijibu. Kulia kwake kulikuwa na mlango wa mahabusu. Ulifunguliwa mara moja tu tangu afike, na harufu ya mkojo iliyotoka pale haikurudi tena ndani.

Maziwa yalikuwa yanamjaa. Rosemary, binti yake wa miezi mitano, alimwacha kwa jirani yake Marta kule mtaani Sogea, akisema anakwenda sokoni kwa saa mbili tu. Khanga ya kifuani ilikuwa imekwisha kulowa, naye akaikunja mara ya tatu kutafuta upande mkavu.

"Gari la kwenda Vwawa linaondoka saa kumi," alisema Sajenti. "Ukiendelea kunyamaza, utalala mahabusu ya huko hadi Jumatatu. Mtoto ukitaka aletwe, alale na wewe ndani."

Tabita aliutazama ule mlango. Rosemary alikuwa ametoka kuugua kichomi wiki mbili tu zilizopita. Hapana, mtoto yule hakuwa wa kulazwa kwenye sakafu ile.

"Sinyamazi, afande. Nimekwisha kukuambia. Laini si yangu."

"Karatasi inasema ni yako."

Na kweli karatasi ilisema hivyo. Ilikuwa mezani, imepigwa mhuri. Namba, jina la Tabita, namba ya kadi yake. Pembeni kulikuwa na karatasi nyingine mbili zenye orodha ya ujumbe mfupi arobaini na moja uliotumwa kutoka namba hiyo kwenda kwa Imelda, nesi wa zahanati ya Ikinga, kule Ileje. Sajenti alikuwa amemsomea michache. *Ondoka Ikinga.* *Tunalijua dirisha unalolalia.* *Nyumba ya nyasi huwaka upesi.* Nesi wa watu alivumilia miezi mitatu, halafu akafunga mizigo, akaenda kushtaki polisi Itumba.

"Imelda alisoma na mume wako," alisema Sajenti. "Kweli si kweli?"

"Kweli. Darasa moja."

"Na mume wako dereva, hashikiki nyumbani. Mwanamke akishikwa na wivu huandika mambo kama haya. Mimi nimeyaona mengi."

Hapo ndipo Tabita alipouona mtego ulivyofumwa, na uchungu wa jambo ni kwamba hakuna mwingine aliyekaa akaufuma. Aliufuma mwenyewe, kwa heshima zake zote, uzi mmoja baada ya mwingine.

Miezi minane nyuma, mwaka ule ule wa elfu mbili na kumi na tatu, Ombeni mumewe alinunua simu ya tochi kwa ajili ya baba yake. Akamwambia Tabita aitafutie laini, aisajili, aitume Ikinga kwa basi. Yeye alikuwa anaondoka na lori kwenda Kongo. Kazi ndogo. Lakini Tabita ni Mndali aliyelelewa na bibi yake, na kwa bibi yake mke hamtaji baba mkwe. Hamtaji jina, hamtazami, hazungumzi naye, na wakikutana njiani mwanamke huingia porini, hata kama pori lenyewe ni upupu mtupu. Na mzee naye hupita akiangalia upande mwingine. Siku hizi wapo wanaosema hayo yamepitwa na wakati, hasa wakiwa Tunduma na baba mkwe yuko mbali. Tabita hakuwa na ujasiri huo. Mwaka wake wa pili wa ndoa alikutana na mzee ghafla kwenye kona ya mto, akachelewa kujificha. Mwezi ule ule mimba ikatoka. Ya pili nayo ikatoka. Wanawake wa Ikinga wakamwambia sababu bila kuulizwa. Rosemary alipatikana mwaka wa sita, na kwa ajili ya Rosemary Tabita angeingia kwenye upupu kila siku.

Na sisi tusimtaje mzee huyo kwanza. Tumheshimu mama wa watu.

Basi, kijana wa kusajili laini, mwenye mwavuli na rundo la fomu pale stendi, alimuuliza, "Mwenye laini anaitwa nani?" Foleni nyuma ikaanza kuguna. "Mama, jina!" Kadi ya mzee ilikuwa Ikinga, jina lake lilikuwa kooni, na halikutoka. "Weka langu," akasema. Akatoa kadi yake. Ilichukua dakika tatu, na akaondoka akijiona amefanya la maana.

Uzi wa pili ulikuwa namba ya siri. Ombeni alisisitiza simu ifungwe, maana vijana wa Ikinga wangemlia mzee vocha. Tabita akaifunga kwa namba ile ile anayofungulia simu yake, ile ile ya kutolea pesa zake, mwaka wake wa kuzaliwa: moja tisa nane sita. Kichwa cha nani kinabeba namba nne nne tofauti? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na tusimcheke, maana wengi wetu tunajiambia hivyo hivyo.

Simu ikafika Ikinga salama. Namba ikabaki Tunduma. Mzee hajui kusoma, kwa hiyo karatasi isingemsaidia. Mama mkwe alikwisha kufariki. Ombeni alikuwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, hapatikani. Na Tabita mwenyewe hawezi kumpigia mzee akamwambia, "Baba, bonyeza moja." Akatafuta mtu wa kati, akampata Barnaba, mwenye kibanda cha kuchajia simu kwa sola, ambaye simu zote za Ikinga hupitia kwake. "Mwambie mzee namba ni moja tisa nane sita," alimwambia kwa simu. "Na laini iko kwa jina langu, pakitokea shida niambie." Barnaba akacheka kwa upole, akasema, "Usijali, dada, nitamfikishia."

Jina lililotakiwa kutajwa alilificha, na namba iliyotakiwa kufichwa aliitaja. Pale kwenye benchi jambo hilo lilimjia lote kwa pamoja.

"Simu yako inafunguliwa kwa namba gani?" aliuliza Sajenti. Simu ya Tabita ilikuwa mezani, imewekwa kwenye mfuko wa nailoni kama kitu kilichookotwa.

Akamtajia.

"Na hiyo nyingine, unayosema si yako?"

Angeweza kudanganya. Lakini uongo una wenyewe, na Tabita hakuwa mmoja wao.

"Ile ile."

Sajenti akaweka kalamu chini, akamtazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Jina lako," alisema. "Namba yako ya siri. Mtu unayemfahamu. Halafu simu si yako."

"Ni ya baba wa mume wangu, afande."

"Anaitwa nani?"

Tabita akaikunja tena khanga yake.

"Hana jina?"

"Analo."

"Mama, hata kwetu wakwe tunawaheshimu. Lakini mbele ya askari mtu anataja."

Tabita alifungua mdomo. Jina lilikuwepo pale, fupi tu, watu wote wa Ikinga hulitumia kutwa kucha. Akaliona likitoka na kwenda moja kwa moja Sogea, kwenye kile kifua kidogo kilichokuwa kikikoroma wiki mbili zilizopita. Akafunga mdomo. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli kama ule mlango wa mahabusu. Akitaja, atamdhuru mtoto. Asipotaja, hatamwona mtoto mpaka Jumatatu, na mtoto wa miezi mitano hajui Jumatatu ni nini.

Akaomba aone ile orodha. Sajenti akasita, kisha akaisukuma mezani. Tabita aliisoma, si maneno, maana maneno yalimtia kichefuchefu. Alisoma tarehe. Akahesabu kwa vidole. Akarudi juu, akahesabu tena.

"Afande, una kalenda?"

Ilikuwa ukutani, nyuma yake, ya kampuni ya mbolea. Sajenti akageuka bila haraka.

"Tarehe sita mwezi wa tisa ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Hapana, nimekosea mstari. Hii ya hapa ni saba."

"Jumamosi."

"Kumi na moja?"

"Jumatano."

"Kumi na nne, afande. Na kumi na nane. Endelea."

Sajenti akaendelea. Jumamosi. Jumatano. Alipita orodha yote kwa kucha ya kidole gumba, na ujumbe wote arobaini na moja ukaangukia siku hizo mbili, hakuna hata mmoja wa Jumapili au wa Jumatatu.

"Jumatano na Jumamosi simu ya mzee iko chaji," alisema Tabita. Sasa maneno yalimtoka mbio. "Mume wangu hulalamika kila mara, baba hapatikani Jumatano wala Jumamosi, simu iko kwa Barnaba. Barnaba ndiye mwenye kibanda. Barnaba ndiye niliyempa namba, afande, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Na huyo Barnaba alimposa Imelda mwaka jana, akakataliwa, Ikinga yote inajua. Leo ni Jumamosi. Piga."

"Nilipiga asubuhi. Haipatikani."

"Asubuhi jua la Ileje halijapata nguvu, simu inakuwa haijapata moto. Piga sasa."

Sajenti Luhaga aliangalia saa yake. Saa nane na dakika ishirini. Akatoa simu yake mwenyewe, akabonyeza, akaiweka mezani, spika wazi. Ikaita. Ikaita tena. Tabita alisikia maziwa yanamchuruzika tumboni na hakujishughulisha nayo.

"Chaji Ikinga!" Ilikuwa sauti changamfu, na nyuma yake watu wanacheka, jogoo anawika.

"Nazungumza na nani?"

"Barnaba hapa, fundi. Nani mwenzangu?"

"Polisi, Tunduma."

Kicheko kikakoma, ingawa jogoo hakuambiwa.

"Simu hii unayoongelea ni ya nani?"

"Hii?" Barnaba akakohoa. "Hii, afande, laini imesajiliwa kwa dada mmoja, Tabita. Yuko huko huko kwenu."

Sajenti akamtupia Tabita jicho.

"Inafunguliwa kwa namba gani?"

"Mimi nitajuaje, afande? Mimi nachaji tu. Simu inaingia imefungwa, inatoka imefungwa."

"Barnaba!" Tabita alisimama. "Nilikutajia mwenyewe! Siku ile simu ilipofika kwa basi!"

"Dada, usinitie kwenye mambo yako," alisema Barnaba, na upole wa siku ile ulikuwepo bado, haujapungua hata chembe.

"Aliyeileta leo ni nani?" aliuliza Sajenti.

"Afande, leo siku ya chaji. Wako wazee kumi hapa, wote wana simu za tochi. Siwezi kukariri." Hapo Tabita alisikia kitu ndani ya sauti ile, kitu kama mtu anayetabasamu gizani. "Lakini huyo dada si yupo hapo? Basi amtaje mwenye simu, nimwite. Amtaje tu kwa jina, sasa hivi."

Alijua! Mndali mwenzake, mtoto wa Ikinga, aliyenyonya mila hiyo hiyo. Alijua kabisa kwamba mke wa Ombeni anaweza kupelekwa Vwawa, Mbeya, hata kunyongwa, na jina lile lisimtoke. Ndiyo maana alitumia simu ile na si nyingine kati ya zote alizokuwa nazo. Mwenye laini hajui kinachoandikwa, mwenye simu hajui kusoma, na wawili hao hawawezi hata kusalimiana. Hasira iliyompanda Tabita hakuwahi kuwa nayo kabla wala baada.

"Mama?" alisema Sajenti. "Nasubiri."

Tabita alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akamwomba Mungu msamaha kwanza, kisha akamwomba bibi yake, kisha Rosemary. Halafu akainama juu ya simu, akavuta pumzi mpaka chini, akapiga kelele ambayo hata waliokuwa mahabusu waliisikia.

"Andongwisye! Andongwisyeee! Wewe Andongwisye uliyepo hapo Ikinga, njoo uchukue simu yako!"

Simu za tochi zina kila upungufu, lakini kelele hazinyimi. Kule Ikinga hapakuwa tena na kicheko wala mguno, maana kila mzee pale alikwisha kujua ni sauti ya nani inaita, na inamwita nani. Tabita alianguka benchini. Akajifunika khanga kichwani, akageukia ukuta, kama vile mzee angeweza kumwona kupitia kile kioo kidogo.

Zikasikika hatua. Ikasikika sauti ya Barnaba, "Mzee, subiri, mzee..." kisha sauti nyingine, nzito, ikasema, "Lete."

Sajenti akasubiri. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana hajui aanzie wapi.

"Mzee Andongwisye?"

"Ndiye."

"Simu hiyo ni yako?"

"Alininunulia mwanangu."

"Namba ya kuifungulia unaijua?"

"Namba ipi?" Mzee alikuwa anahema. "Mimi simu hii sijawahi kuifungua hata siku moja. Nikipigiwa, napokea. Nikitaka kumpigia mwanangu namletea Barnaba, Barnaba ananifungulia. Miezi minane sasa."

"Barnaba ameniambia hajui namba."

Mzee akasema kitu kwa Kindali, si kwa Sajenti bali kwa wale wazee wenzake, na pale mezani Tunduma wakasikia benchi linaburuzwa, kishindo, na sauti ya Barnaba ikiwa haina tena upole wowote.

"Mshikilieni hapo hapo," alisema Sajenti Luhaga. "Nawapigia Itumba sasa hivi." Akachukua kalamu, akaandika mistari miwili, akaipigia mstari chini mara mbili. Kisha akamgeukia Tabita, ambaye alikuwa bado ameutazama ukuta. "Mama, nenda kanyonyeshe. Jumatatu saa mbili uje uandike maelezo. Simu yako inabaki hapa. Na ukirudishiwa, badilisha hiyo namba. Zote. Kila moja iwe na yake, na usimpe mtu."

Alizibadilisha, tena siku ile ile aliyorudishiwa. Ombeni aliporudi kutoka Kongo aliomba aambiwe mpya, kwa ugomvi kidogo, na mpaka leo hajaambiwa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Saa ile Tabita aliinuka, akaanza kuelekea mlangoni.

"Afande," ilisema simu mezani. "Huyo mtu bado yupo hapo?"

Sajenti akamtazama Tabita. Tabita akasimama, mgongo kwa simu.

"Yupo. Anakusikia."

Miaka sita mzee alikuwa hajawahi kumpa mkwewe neno, hata la salamu. Alipolitoa halikuwa na hasira ndani yake, na Tabita angependa lingekuwa nayo, maana hasira ya mzee huombewa radhi kwa kuku, ikaisha. Lilikuwa na hofu, ile ile aliyokuwa nayo yeye.

"Mtoto yuko wapi?"

Tabita akaushika mlango wa nje.

"Kimbia ukamtazame," alisema mzee. "Kimbia, mwanangu."

Alikimbia. Ndala moja ilimtoka pale kwenye reli, hakurudi kuiokota. Alipita malori yaliyosimama foleni kwenda mpakani, akapita wauza dola waliomwita, akapita meza yake mwenyewe sokoni pasipo kuona kama vitenge vipo au vimekwenda. Marta alikuwa mlangoni kwake, kidole mdomoni, akimwashiria asipige kelele.

"Amelia mpaka sauti imekauka," alinong'ona. "Sasa hivi tu ndiyo amelala."

Rosemary alikuwa ametulia mno kitandani. Tabita alipiga magoti, akaweka kiganja mbele ya pua ndogo ile, akangoja. Akasikia joto. Hakuridhika, akamwamsha. Mtoto alifumbua macho, akalitafuta ziwa, akalikamata kwa hasira zake zote mpaka mama akatoa machozi. Na hata hapo Tabita hakuondoa mkono kwenye kile kifua. Alikisikiliza kikipanda na kushuka jioni ile yote, na Jumapili, na Jumatatu akiandika maelezo kwa mkono mmoja, huku mwingine uko juu ya mtoto.